Kamera Iliyotazama Nyuma

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Walimwita Usicheke. Alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti mbele ya ofisi za vitambulisho, chumba kisichozidi upana wa kitanda, chenye pazia jeupe nyuma, stuli ya chuma katikati, na taa mbili alizozifunika karatasi nyembamba ili mwanga usichome macho ya watu. Picha za serikali hazitaki meno. Basi kutwa nzima wimbo wake ulikuwa huo mmoja: "Kaa wima, tazama hapa, usicheke." Na kwa kuwa binadamu akikatazwa kucheka ndipo kicheko humpanda, hapakuwa na kibanda chenye vicheko kama chake barabara nzima.

Kamera yake ndogo ilimfia mkononi asubuhi moja, mbele ya bwana mmoja aliyekaa wima barabara. Lenzi ilichomoza nusu, ikalia kama panya aliyekanyagwa, ikagoma kwenda mbele wala kurudi. Yule bwana aliendelea kutazama mbele bila kucheka kwa muda mrefu, akidhani ndio utaratibu.

Msiba huo ulimkuta vibaya. Siku hizo hizo mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alikuwa amemkubalia kazi ambayo hakuwahi kuipata: picha za wanafunzi wote, darasa kwa darasa, na za walimu wao. "Ila uje na kamera ya maana," mwalimu mkuu alimwambia. "Wazazi wa siku hizi wana simu nzuri kuliko hiyo yako."

Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na mizaha mingi, alimsikiliza akiwa amelala chali chini ya friji ya mteja. "Mama watoto, nunua kubwa," akasema. "Wewe na mimi ni watu wa mitumba, hatuna aibu. Ila usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia."

Usicheke akaanza kuzunguka. Kwanza aliingia kwenye duka lenye viyoyozi, ambako kijana aliyevaa tai alimtolea DSLR mpya, ile kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, nyeusi, nzito, yenye harufu ya plastiki, akamsomea mambo ya megapikseli kama mtu anayesoma dua. Usicheke aliposikia bei, alisema, "Asante, nitarudi," maneno ambayo hakuna muuzaji asiyejua maana yake.

Kutoka hapo akaenda kwa Daktari. Huyu hakuwa daktari wa watu. Alikuwa fundi wa kamera, mzee wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso, na chumba chake kilikuwa juu ya duka la viatu. Walifahamiana tangu Usicheke alipokuwa akitumia filamu.

"Sikiliza, dada," Daktari akasema huku akipuliza vumbi kwenye mashine ya mtu. "Hizo megapikseli usizibabaikie, kwani wewe unachapa mabango ya barabarani? Chukua mwili wa kamera wa zamani kidogo, pesa yako uiweke kwenye lenzi. Kabla ya kununua, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu, weka chini uondoke. Uliza imepiga picha ngapi, maana shata, kile kilango cha kuingiza mwanga, nayo ina umri wake. Tazama skrubu: zikiwa zimechubuka, ujue imeshafunguliwa na mtu kama mimi, au mtu mbaya kuliko mimi. Halafu linganisha bei. Ukikuta moja imeshuka mno chini ya wenzake, usikimbie, wala usiruke kwa furaha. Ulizia sababu."

Usicheke alizunguka na tochi yake kama mlinzi. Moja aliikuta na mchanga unaokwaruza ndani ya lenzi. Nyingine ilikuwa na kuvu iliyochanua kama ua. Muuzaji wa tatu alikataa kabisa kuwasha mashine mpaka aone pesa mezani. Usicheke alikuwa ameanza kukata tamaa alipoliona tangazo kwenye simu: kamera, lenzi, begi na chaja, bei ya kuelewana. Na hiyo bei ya kuanzia ilikuwa nusu ya zile alizoziona kwingine.

Alipopiga, ilipokea sauti ya mzee, nzito na ya taratibu. "Njoo mchana," mzee akasema. "Mchana kuna mwanga."

Nyumba ilikuwa mwishoni mwa kichochoro safi, mlango wa kijani. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, aliyejikunja kidogo mabegani. Alijitambulisha kwamba alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, sasa amestaafu. Koti lake la kazi bado lilining'inia msumarini, kwenye mlango unaotenganisha sebule na chumba cha ndani. Alimkaribisha kiti, akaingia ndani, akarudi na kamera imefunikwa taulo. Usicheke aliona jambo hilo: mzee aliishika taulo, kamera hakuigusa. Aliiweka mezani, akafunua ncha moja, akarudi nyuma.

Usicheke akafanya kama alivyofundishwa. Alimulika lenzi, ikawa safi kama maji. Skrubu hazikuwa na mikwaruzo. Aliangalia hesabu ya picha, akakuta ni kamera iliyofanya kazi ya haki, lakini haijachoka. Pembeni chini tu palikuwa na kovu, plastiki imekwaruzika.

"Ilianguka, baba?"

"Ilianguka mara moja."

"Na mbona bei imekuwa hivi?"

Mzee alitazama dirishani. "Mwenyewe haitumii tena," akasema.

Usicheke alisogea dirishani, akaielekeza kwenye mapaa ya mbali na mnara wa maji, akabonyeza. Picha ilitoka kali, hata kutu ya mnara ilionekana. Moyo ukamruka. Kwa mazoea tu akataja bei ya chini kidogo ya ile ya tangazo, akijiandaa kuvutana. Mzee akasema, "Chukua," kabla hajamaliza. Njia nzima ya kurudi nyumbani Usicheke alikumbatia lile begi, na njia nzima lile "chukua" lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Nyumbani alimkalisha mumewe kwenye kiti cha sebuleni, akiwa bado na grisi mikononi. "Kaa wima, tazama hapa." Akapiga. Akaangalia kwenye kioo cha nyuma. Uso wa mumewe ulikuwa ukungu mtupu. Lakini mlango ulio nyuma yake ulikuwa mkali kiasi cha kuona mishipa ya mbao. Akapiga tena, akapiga ya tatu. Akambadilisha mahali, akamweka binti yao mkubwa mezani. Binti akawa ukungu, na mikunjo ya pazia nyuma yake ikaonekana moja moja.

"Umenigeuza jini," mumewe akasema akicheka. Kisha akaichukua kamera, akazipitia zile picha zote polepole, na kicheko kikamkauka. "Hebu ona. Ni kama anayepigwa picha si sisi. Ni kama kuna mtu kasimama nyuma yetu, kamera inamtazama yeye."

Binti akainuka pale mezani, akaenda kukaa karibu na mama yake, mgongo ukutani.

Asubuhi Usicheke alikuwa wa kwanza kupanda ngazi za Daktari. Daktari alishusha miwani ya pajini juu ya ile ya puani, akatoa lenzi, akachungulia ndani. "Si uchawi, dada, usiniangalie hivyo. Ina vioo humu ndani vinavyosaidia fokasi, kulenga picha iwe kali. Kimoja kimehama, imepigwa kwa nguvu sana. Basi fokasi inatua nyuma ya mtu badala ya kutua kwa mtu. Kwenye vitu vya mbali hutaigundua kasoro hiyo, ndiyo maana dirishani ilikudanganya. Inatengenezeka. Ila rudi kwa aliyekuuzia, akurudishie chochote cha matengenezo. Hiyo ni haki yako."

Mzee alifungua mlango kabla Usicheke hajabisha mara ya pili. Tayari alikuwa ameshika bahasha.

"Najua," akasema. "Wewe ni wa tatu kuirudisha. Pesa yako hii hapa, sijaigusa."

"Shikamoo, baba."

Mzee alishtuka, kama mtu aliyekumbushwa adabu zake. "Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu ukae."

"Sikuja kugombana," Usicheke akasema alipokaa. "Fundi anasema inatengenezeka. Nataka tu kujua ilianguka wapi. Jana niliuliza, ukanijibu nusu."

Mzee akaanza kusema, macho yake yakiwa kwenye ile taulo iliyobaki mezani.

Kamera ilikuwa ya mwanawe, mpiga picha wa harusi, kijana wa mashoto aliyefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Siku hiyo ukoo wa bwana harusi ulikuwa mkubwa, wakapandishwa juu ya paa la jengo ili wapigwe picha ya pamoja mbingu zikiwa nyuma yao. Hawakuenea. Kijana akarudi nyuma hatua, jicho kwenye kamera. Bado mashangazi wawili walikuwa nje. Akarudi tena. "Jipangeni, jipangeni vizuri," alikuwa akisema, na watu walikuwa wakicheka na kusukumana. Ukuta wa mwisho wa paa ulikuwa chini ya goti.

"Mimi nilikuwa zamu," mzee akasema. "Waliniambia kuna mtu kaanguka kutoka ghorofani, nikawasha king'ora. Nilikimbiza gari siku hiyo, binti yangu, nilikimbiza. Maisha yangu yote nimebeba watoto wa watu. Sikujua nakwenda kumbeba wangu. Nilimkuta ameikumbatia hiyo kamera kifuani."

Usicheke akajifunika mdomo na ncha ya kitambaa chake.

"Hakutazama nyuma," mzee akaendelea. "Na tangu hapo hiyo kamera haitazami kitu kingine. Yule mnunuzi wa kwanza aliporudi alinionyesha picha za mkewe. Mke haonekani, ila pale nyuma yake peupe kabisa, pamesafishwa, kama pamewekwa kwa ajili ya mtu. Nikasema moyoni, mwanangu anataka kutuonyesha kitu. Nikajaribu kujipiga mwenyewe, lakini mikono hii haikubali kuishika." Aliinua macho. "Kabla hujaitengeneza, nipige moja. Moja tu. Nikae hapa."

Kumkatalia hakuweza. Mzee alikivuta kiti katikati ya sebule, akakaa, mgongo ukielekea ule mlango wenye koti. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Usicheke akainua kamera, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakumwambia mtu asicheke. Mlio wa shata ulisikika kama kitu kilichovunjwa.

Yeye mwenyewe hakutaka kutazama. Alimsogezea mzee kamera, mkanda ukiwa bado shingoni mwake yeye, wakainamia kioo kile kidogo pamoja, vichwa vikikaribia kugusana. Mzee kwenye picha alikuwa ukungu wa rangi ya udongo. Nyuma yake koti lilionekana wazi, kifungo kwa kifungo, na uzi uliolegea kwenye kola. Kando ya koti ulionekana ukingo wa mlango, na ndani yake kitanda kilichotandikwa.

"Ikuze," mzee akasema.

Akaikuza.

"Tena. Hapo karibu na kitanda."

Akaikuza mpaka kitanda kikawa vidoadoa, mpaka blanketi na ukuta vikawa kitu kimoja. Mzee alipitisha kidole juu ya kioo bila kukigusa, huku na huku, kama anayetafuta njia kwenye ramani.

"Hayupo," akasema hatimaye.

"Hayupo, baba."

Mzee akavuta pumzi, akaitoa. Mabega yake yalishuka. "Basi," akasema. "Kaitengeneze, uifanyie kazi. Gharama ya fundi itoe humo kwenye bahasha, na usibishane na mimi."

Daktari aliirudisha kamera ikiwa nzima. Nyuso zilitoka kali, kope moja moja, na kibandani watu walianza kusifia. Lakini kwa Usicheke mambo hayakurudi kama zamani. Stuli na kamera vya kibandani havihitaji mtu asogee. Shuleni ndiko alikojua kilichompata. Darasa la kwanza lilipangwa kwenye ngazi za ukumbi, safu juu ya safu. Hawakuenea. Akaweka jicho kwenye kamera ili arudi nyuma kidogo, na mguu ukakataa. Ulikataa kama mguu wa mtu mwingine. Uwanja nyuma yake ulikuwa tambarare, aliuona mwenyewe alipofika, lakini kila alipofumba jicho moja na kutazama kwa lile jingine, alihisi upepo wa juu ya paa ukimpiga visigino.

"Usicheke, vipi?" mwalimu mkuu akauliza, na wanafunzi, waliokuwa hawalijui bado jina hilo, wakaangua kicheko.

Alisingizia betri, akaomba waendelee kesho. Akiwa njiani akatoa simu, na aliyempigia hakuwa mumewe.

"Baba, naomba uje unisimamie nyuma," akasema. "Siwezi kurudi nyuma. Siwezi."

Mzee akauliza, "Saa ngapi?"

Alikuja na shati lililopigwa pasi. Alisimama nyuma ya Usicheke, akaweka kiganja mgongoni kwake, katikati ya mabega, na kwa sauti ile ile ambayo bila shaka watu walimwongoza nayo yeye akirudisha gari kwenye milango ya hospitali, akasema: "Njoo. Njoo. Nyuma salama. Njoo kidogo. Hapo kuna jiwe, kata kulia. Simama." Na Usicheke akarudi nyuma, akapiga, darasa zima likaenea.

Kuanzia siku hiyo wakawa watu wawili. Wanafunzi walimpenda mzee, wakamwita Breki. Alianza kula vizuri. Siku moja, wakipanga stendi ya taa, alimwambia Usicheke kama anayezungumzia hali ya hewa: "Siku hizi nalala. Tangu ile picha, nalala."

Kazi ya mwisho ilikuwa picha ya walimu, kwenye uwanja wa nyuma ya madarasa, alasiri, jua likiwa limeanza kulegea. Huko mafundi walikuwa wamechimba shimo la tangi la maji, wakaondoka kwenda kula na kulifunika kwa bati jembamba tu. Usicheke hakulijua. Mzee alimwambia, "Ngoja ninawe uso," akaelekea bombani, lakini walimu walikuwa na haraka, mwalimu mkuu akapiga makofi, na Usicheke akainua kamera. Mwalimu wa muziki, mtu mwenye mwili, alikuwa nusu nje ya picha. Usicheke akarudi nyuma. Kiganja kikatulia mgongoni kwake. Akarudi tena. Kiganja kikamsukuma mbele, kwa nguvu, kikamshikilia pale pale. Akasimama, akapiga picha.

"Asante, baba," akasema.

Hakujibiwa. Akageuka. Kisigino chake kilikuwa kwenye ukingo wa bati, na bati lilikuwa limeanza kubonyea, kokoto zikidondokea kizani na kuchukua muda kabla ya kulia majini. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mzee alikuwa kule bombani, amewapa mgongo, anafuta uso kwa leso.

"Nani alikuwa hapa nyuma yangu?" Usicheke akawauliza walimu, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Walitazamana. "Hakuna mtu," mwalimu wa muziki akasema. "Ulisimama mwenyewe."

Mzee alipogeuka na kuliona lile bati, alikuja mbio, maji yakimtiririka shingoni. Alimshika Usicheke mkono, akamvuta mbali na shimo kama anavyovutwa mtoto. "Nimekuacha kidogo tu! Nani kakuambia 'simama'?"

Usicheke alimtazama usoni. Akamwona akilini akiinamia kile kioo kidogo, kidole kikitafuta huku na huku. Akamwona amekaa macho kitandani, mlango wazi, akingoja. Mtu huyu alikuwa analala sasa. Na hata hivyo kile alichokitafuta kilikuwa kimepita hapo hapo, dakika hiyo, mgongoni kwa mtu baki.

"Niliona mwenyewe, baba," akasema.

"Uliona?"

"Niliona."

Mzee alimtazama kwa muda. Alikuwa amewasikia ndugu wengi wa wagonjwa, miaka mingi, wakimwambia kwamba huyu kalala tu. Akainama, akaanza kukunja stendi, akazifunga nyaya za taa vizuri kama kawaida yake.

Waliagana na walimu, wakatoka. Mgongo wa Usicheke, pale katikati ya mabega, ulikuwa bado na joto la kiganja, na alitembea kwa kujikaza kama aliyebeba kitu kinachomwagika. Walipofika getini mzee alisimama. Hakumtazama. Alikuwa akitazama magari yakipita.

"Mkono," akasema polepole, "ulikuwa wa kulia au wa kushoto?"

Usicheke aliushika mkanda wa begi begani. Alitaka kusema mkono gani, alitaka kucheka, alitaka mumewe angekuwepo aseme mzaha wowote.

"Wa kushoto, baba," akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, mara moja, kisha mara nyingine. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Akalichukua begi la kamera begani kwa Usicheke, akalivaa yeye mwenyewe, akaweka kiganja juu ya begi, na barabara ilipokuwa nyeupe bila magari wakavuka.